Mkuki wa Otenyo na Foleni ya Majeruhi

Hapana shaka kwamba mwanafunzi yeyote aliyesoma historia katika shule za Kisii na Nyamira amewahi kulisikia jina la Otenyo Nyamaterere. Huandikwa ubaoni katika kipindi cha upinzani dhidi ya ukoloni, likafuatwa na mwaka wa 1908 na jina la Northcote, kisha mwalimu akapangusa ubao na kuendelea na Koitalel arap Samoei au Mekatilili wa Menza. Mtihani ukiisha, Otenyo hubaki kuwa mkono ulioshika mkuki, basi. Kwa maoni yangu, maisha ya mtu huyu yana somo jingine ambalo hatujalifundisha ipasavyo, nalo ni somo la majeruhi: ni nani aliyeinuliwa na kufungwa jeraha, na ni nani aliyeachwa nyasini atokwe na damu hata mwisho wake.

Otenyo alikuwa mtu wa Getutu, jamaa kubwa ya Abagusii ambayo leo nchi yake imegawanyika baina ya kaunti mbili, Kitutu Chache ikiwa Kisii na Kitutu Masaba ikiwa Nyamira. Kwa hiyo si haki Kisii kumdai peke yake wala Nyamira kumwachia jirani. Alikulia katika nchi ya vilima na mabonde yenye rutuba, katika zama ambazo kijana wa Kigusii alijifunza uanaume katika egesarate, ile kambi ya ng'ombe ambamo vijana walilala na silaha zao wakilinda mifugo ya ukoo. Walikuwa na majirani ambao waliweza kuoana nao leo na kupigana nao kesho: Wakipsigis, Wamaasai na Wajaluo. Katika miaka ya mwanzo ya 1890 Abagusii na Wakipsigis walipigana vita vikali ambavyo Abagusii hadi leo huviita Saosao, na ambavyo viliacha maiti wengi upande wa Wakipsigis. Kizazi cha Otenyo kilikua kikisimuliwa habari hizo.

Msomaji asidhani kwamba watu wa wakati ule walipigana tu bila ya kujua namna ya kuwatunza walioumia. Vita vya mikuki, mishale na marungu vilikuwa na majeraha yake, na Abagusii walikuwa na mabingwa wa majeraha hayo. Mpasuaji wa kichwa aliitwa omobari, nao wingi wao ni ababari. Kazi hiyo ilirithiwa, mwana akijifunza kwa kumtazama na kumsaidia mzee wake kwa miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kushika kisu mwenyewe. Mtu aliyepigwa rungu kichwani akavunjika fuvu, au aliyebaki na maumivu yasiyokoma baada ya kupigwa, alipelekwa kwa omobari. Huyo alipasua ngozi ya kichwa, akaifunua, akaukwangua mfupa polepole kwa kifaa chenye ncha iliyopinda mpaka akaondoa vipande vilivyovunjika, kisha akafunika kidonda kwa dawa za miti. Mgonjwa alikuwa macho muda wote huo, ameshikwa na ndugu zake. Katika karne ya 20 madaktari wa kigeni walifunga safari hadi Kisii kuja kuwatazama wapasuaji hao na kuandika habari zao, wakastaajabu kuwakuta watu wazima wenye afya ambao mafuvu yao yalikuwa yamekwanguliwa miaka mingi nyuma.

Nimeyataja haya kwa sababu moja. Utabibu wa ababari ulilingana na vita vya siku zao. Rungu humwangusha mtu mmoja, na omobari humshughulikia mtu mmoja, pengine kwa saa nyingi. Baina ya silaha na tiba palikuwa na mizani ya namna fulani. Mizani hiyo ilivunjika mwaka wa 1905.

Katika mwaka huo serikali ya Waingereza, ikitoa sababu ya wizi wa mifugo, ilituma kikosi cha askari wa King's African Rifles pamoja na polisi kwenda kuwaadhibu Abagusii. Mashujaa wa Kigusii walikiendea kikosi hicho kwa mikuki na ngao kama walivyozoea kuwaendea majirani zao. Askari walikuwa wamejipanga mraba, wakiwa na bunduki ya Maxim, ile ambayo askari wa zamani waliiita bombomu. Afisa wa polisi Robert Foran, ambaye alikuwako, aliandika baadaye katika kitabu chake cha mwaka wa 1936 kwamba bunduki hiyo ilifyatuliwa mpaka ikawa haishikiki kwa moto, na kwamba mamia ya wenye mikuki walilala mbele ya mraba ule. Ukisoma maelezo yake kwa makini utaona neno dogo lenye uzito mkubwa: wafu na majeruhi wametajwa pamoja, wamelundikana, hakuna aliyewatenganisha. Aliyekuwa angali akipumua na aliyekwisha kukata roho walikuwa ni rundo moja.

Hapo ndipo pa kuanzia, enyi walimu wenzangu, tunapomsimulia Otenyo. Shambulio linalowaangusha watu wengi kwa dakika chache si sawa na vita vya rungu vilivyoongezwa ukubwa, kwa maana huzaa tatizo jipya kabisa. Majeruhi huwa wengi kuliko mikono ya kuwatibu, na mara moja huzuka swali ambalo omobari hakuwahi kuulizwa kwa ukali wa namna ile: ni yupi atangulie?

Mwaka wa 1907 Waingereza walijenga boma lao Getembe, mahali palipokuja kuwa mji wa Kisii. Msimamizi wake alikuwa G. A. S. Northcote, kijana ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 30, na ambaye wenyeji, kwa kulilainisha jina lake, walimwita Nyarigoti. Pamoja na boma ilikuja kodi, ikaja amri ya kutoa vibarua, zikaja faini za ng'ombe. Nabii Sakawa, ambaye inasimuliwa kwamba alitoweka mwanzoni mwa karne, alikuwa ametabiri kuja kwa wageni hao, lakini kutabiriwa kwa jambo si kulizoea. Aliyekataa kabisa kulizoea alikuwa mwanamke, Moraa wa Ngiti, mganga na mwonaji aliyeheshimika katika Getutu. Moraa aliwaendea vijana akawashutumu kwa kukaa kimya ng'ombe wakitwaliwa, akawaambia kwamba ikiwa wanaume wameogopa basi wanawake watashika mikuki wao. Otenyo alikuwa kijana wake. Masimulizi mengine humwita mpwa wake na mengine mwanawe wa kulea, lakini yote yanakubaliana kwamba maneno ya Moraa yalimwingia Otenyo kuliko yalivyomwingia mtu mwingine yeyote.

Basi Januari ya mwaka wa 1908, Northcote akiwa safarini katika nchi ya Getutu, Otenyo alimvizia njiani akamchoma mkuki mgongoni. Northcote hakufa. Alirudishwa bomani, jeraha lake likatunzwa, naye akapona. Si hivyo tu, aliendelea kupanda ngazi katika utumishi wa makoloni, akawa gavana wa Guiana ya Kiingereza mwaka wa 1935, kisha gavana wa Hong Kong tangu mwaka wa 1937 hadi 1941, na alifariki dunia mwaka wa 1948. Mtu aliyechomwa mkuki mgongoni katika vilima vya Kisii aliishi miaka 40 zaidi. Hilo ni jambo jema, wala sioni sababu ya kumtamania majeruhi yeyote kifo. Lakini lafaa kuwa kipimo. Linatuonyesha kwamba hata mwaka ule wa 1908, katika boma changa lililokuwa mbali na reli, jeraha baya liliweza kutunzwa hadi likapona, mradi aliyejeruhiwa awe ni mtu ambaye wenye uwezo wameazimia kumwokoa.

Wahenga walinena kwamba mkuki kwa nguruwe ni mtamu, kwa mwanadamu ni mchungu. Mkuki mmoja uliingia mgongo mmoja, na serikali nzima ikaamka. Kikosi cha King's African Rifles kililetwa na kupanda vilima vya Kisii. Nyumba zilichomwa, ghala za nafaka zikateketezwa, ng'ombe kwa maelfu wakatwaliwa, na watu wakapigwa risasi bondeni na vilimani, wengi wao wakiwa hawakuwahi hata kumwona Northcote kwa macho. Taarifa zilipofika London zikitaja Abagusii 160 waliokwisha kuuawa bila ya askari hata mmoja kupotea, Winston Churchill, aliyekuwa naibu wa waziri wa makoloni na ambaye miezi michache tu iliyotangulia alikuwa amepita Kenya na Uganda, alichukizwa na taarifa hizo, akalalamika kwamba mauaji ya namna hiyo yamepita kiasi na hayakuwa na haja. Wakati malalamiko yake yanaandikwa, hesabu ilikuwa bado inapanda.

Waliouawa walihesabiwa, walau kwa makadirio. Vipi kuhusu waliojeruhiwa? Kila mwenye kujua habari za vita anajua kwamba aghalabu majeruhi huwazidi wafu. Kwa hiyo, palipoanguka watu zaidi ya 160, ni lazima walikuwako mamia ya watu waliopigwa risasi za mapaja, za matumbo na za mabega, wakajikokota hadi vichakani na katika migomba. Kwao hakikuja kitanda wala bandeji. Walikuwa na ndugu zao, kama ndugu hao nao hawakukimbia, na walikuwa na ababari, ambao ujuzi wao wa mafuvu haukuwa umewaandaa kwa risasi iliyopasua utumbo. Na hata kama ungewaandaa, nyumba ya omobari nayo ilikuwa ya kuchomwa moto kama nyumba nyingine.

Otenyo mwenyewe alikamatwa, akapigwa risasi mwaka huo huo wa 1908. Abagusii wameshikilia tangu siku hizo kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Uingereza, na kwa miaka mingi wamekuwa wakidai kirejeshwe ili kizikwe na mwili wake. Moraa naye alitiwa mbaroni, lakini inasimuliwa kwamba aliachiliwa baada ya kuonywa. Hivyo ndivyo yalivyokoma maisha ya kijana yule wa Getutu: yeye alipata risasi, aliyemchoma alipata tiba, na watu wake hawakupata chochote.

Pengine atatokea msomaji wa kuniambia kwamba Otenyo ndiye aliyeanza, na kwamba mwenye kuchokoza nyuki asilalamike akiumwa. Hoja hiyo hata Waingereza wenyewe wasingeweza kuitetea mbele ya mataifa ya Ulaya. Tangu mwaka wa 1864, katika Mkataba wa Geneva, mataifa mengi yalikubaliana kwamba askari aliyejeruhiwa akiwa chini si adui tena, bali ni mgonjwa, na kwamba atahudumiwa na upande wowote utakaomkuta. Mkataba huo uliandikwa upya mwezi wa Julai mwaka wa 1906, Uingereza ikiwamo, yaani mwaka mmoja na nusu tu kabla ya mkuki wa Otenyo. Tatizo ni kwamba mkataba uliwafunga wale tu waliotia saini. Abagusii hawakuitwa Geneva kutia saini. Sheria ya huruma ilikuwako, ila mipaka yake ilikomea pale ilipoanzia nchi yetu.

Wala wazo la kuwapanga majeruhi kwa haki halikuwa geni kwa madaktari wa majeshi. Karibu miaka 100 kabla ya mambo ya Kisii, Mfaransa Dominique-Jean Larrey, mpasuaji mkuu katika jeshi la Napoleon, alikuwa amekwisha kuweka kanuni inayofuatwa ulimwenguni hadi leo. Larrey aliyaona majeshi yakiwaacha majeruhi uwanjani mpaka vita viishe, pengine siku nzima au zaidi, akabuni magari mepesi ya farasi ya kuwatoa mapema, ambayo ndiyo babu wa ambulansi zetu. Kisha akaagiza kwamba aliyejeruhiwa vibaya zaidi ashughulikiwe kwanza, bila kujali cheo chake wala heshima yake, na mwenye jeraha dogo asubiri hata kama ni afisa. Kazi hiyo ya kutenga Wafaransa waliiita kwa neno la kuchambua, lile lile ambalo mkulima angelitumia kwa kutenga kahawa njema na mbovu. Watu wa Kisii na Nyamira hawana haja ya kuelezwa maana ya kuchambua. Kila asubuhi wanachambua majani ya chai na buni za kahawa, na wanajua kwamba mchambuaji akitazama sura ya mwenye kapu badala ya kuangalia kilichomo kapuni, kiwanda kizima huharibika.

Ukipima mwaka wa 1908 kwa kanuni ya Larrey utaona kwamba katika Kisii majeruhi walichambuliwa, naam, lakini walichambuliwa kwa kutazama mwenye kapu. Swali lilikuwa ni wa nani, wala si anatokwa na damu kiasi gani.

Historia iliyofuata haikulifuta swali hilo. Septemba ya mwaka wa 1914, Vita Vikuu vilipozuka, Wajerumani walivuka mpaka wakauteka mji wa Kisii, na tarehe 12 mwezi huo wakapigana hapo na askari wa King's African Rifles waliopandishwa kutoka ziwani. Kamanda wa upande wa Waingereza aliuawa, na pande zote mbili ziliondoka zikiwa zimepata hasara kubwa. Baada ya hapo Abagusii kwa maelfu, pamoja na makabila mengine, walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, ile Kariakoo ambayo jina lake limebaki Nairobi na Dar es Salaam. Katika Afrika Mashariki yote, hesabu rasmi za Waingereza zilikiri vifo zaidi ya 40,000 vya wapagazi, walio wengi wakiwa wameuawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Hospitali ya Kisii, ambayo leo ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa, ilianzishwa mwaka wa 1916 kwa ajili ya wanajeshi wa vita hivyo. Yafaa mwanafunzi ajue hilo anapopita langoni pake. Nyumba anamozaliwa leo mtoto wa muuza ndizi wa Daraja Mbili ilijengwa kwanza kwa ajili ya watu wa jeshi, miaka minane tu baada ya raia wa nchi hiyo hiyo kuachwa vichakani na majeraha yao.

Tangu hapo tumejitawala, na foleni ya majeruhi sasa tunaipanga wenyewe. Tumeipangaje? Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, watu 213 walipoteza maisha jijini humo na maelfu wakajeruhiwa. Wengi waliumizwa macho na nyuso kwa vioo, kwa sababu waliposikia kishindo cha kwanza walikimbilia madirishani kutazama, na mlipuko mkubwa ukawakuta hapo. Wananchi walionyesha wema usiosahaulika, wakawabeba majeruhi kwa matatu, teksi na magari yao wenyewe, na wengine wakachimbua vifusi kwa mikono. Lakini wema usio na mpango una kasoro yake. Katika maafa ya namna hiyo anayetangulia kufika hospitalini ni yule anayeweza kutembea, naye huwakuta madaktari wakiwa na nafasi. Aliyeumia vibaya hufika baadaye, baada ya kufukuliwa, na huwakuta madaktari wamekwisha kuzidiwa na watu wenye michubuko. Hakuna aliyekusudia ubaya, na bado anayestahili kuwa wa kwanza huwa wa mwisho.

Nasi wa nyanda hizi tumeyaonja yetu. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, mpaka wa Borabu na Sotik ulirudi kuwa uwanja wa mishale, nyumba zikachomwa pande zote mbili, na majirani wakaangukia katika uhasama ule ule wa siku za Saosao. Katika siku kama hizo muuguzi hupata mtihani mgumu kuliko wote: mbele yake wako majeruhi wawili, mmoja wa kabila lake ana jeraha la mkono, na mwingine wa kabila la pili ana mshale kifuani. Akiuliza jina kabla ya kuangalia jeraha, basi ameirudia kazi ya mwaka wa 1908 kwa mikono yake mwenyewe.

Kwa hiyo yafaa tuieleze kanuni yenyewe jinsi inavyofanya kazi leo, kwa sababu haihitaji shahada na mwanafunzi wa sekondari anaweza kuielewa. Hospitalini wengi huiita triaji. Mhudumu anapokuta majeruhi wengi, huanza kwa kupaza sauti na kuwaambia wote wanaoweza kutembea waende mahali pamoja atakapopaonyesha. Hao ni wa kijani, nao watasubiri. Kisha huwaendea waliobaki mmoja mmoja, kwa muda usiozidi dakika moja kwa kila mtu. Huangalia kwanza pumzi. Asiyepumua hufunguliwa njia ya hewa, na ikiwa hata hivyo hapumui, huwekewa alama nyeusi na mhudumu husonga mbele, kwa uchungu, kwa maana akikaa hapo watakufa wengine wawili. Anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika ni wa nyekundu. Ambaye mpigo wa damu kifundoni mwa mkono hausikiki ni wa nyekundu. Asiyeweza kutii agizo jepesi, kama kufumba na kufumbua mkono, ni wa nyekundu pia. Waliobaki, ambao hawawezi kutembea lakini hayo yote matatu wameyapita, ni wa manjano. Katika mzunguko huo wa kwanza mhudumu hatibu, ila hufungua njia ya hewa na kuzuia damu inayobubujika, basi.

Tazama ni mambo gani yasiyoulizwa katika mpango huo. Jina haliulizwi, wala kabila, wala cheo, wala kama ana pesa, wala kama ndiye aliyeanza ugomvi. Hata kelele hazihesabiwi, kwa sababu anayelia kwa sauti kubwa ana pumzi ya kulia, na aliyenyamaza kando huenda ndiye anayekwenda. Hii ni haki iliyogeuzwa kuwa hesabu ya pumzi na mpigo wa damu, ili hofu na upendeleo visipate pa kuingilia.

Katiba yetu ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 43, imeiweka haki hiyo kwa maneno machache, kwamba mtu yeyote asinyimwe matibabu ya dharura. Larrey angeyafurahia maneno hayo. Lakini sote tunajua mazoea yetu. Mkubwa akijikwaa, wauguzi watatu humkimbilia, na mama aliyeletwa kwa bodaboda akivuja damu huambiwa akae kwenye benchi. Gari likianguka barabarani, wapo wanaokwenda kwanza kutazama kama ndani yumo mtu wa kwao. Wapo pia, na jambo hili ni la aibu, wanaokwenda kutazama mifuko. Sheria iliyoandikwa Nairobi haiwezi kuyaondoa mazoea hayo peke yake. Yanaondolewa na watu waliofundishwa tangu utotoni jinsi ya kumtazama majeruhi.

Ndiyo maana nawaelekea walimu. Somo la Otenyo lisiishie katika mkuki. Mwalimu wa historia na mwalimu wa biolojia waketi pamoja angalau kwa kipindi kimoja kila mwaka, yule wa kwanza asimulie mwaka wa 1908 na yule wa pili aonyeshe jinsi ya kukandamiza jeraha linalobubujika, jinsi ya kumlaza aliyezimia, na jinsi ya kuchambua majeruhi kwa rangi nne. Karatasi za rangi zinatosha, na wanafunzi wenyewe wanaweza kuwa majeruhi wa mchezo uwanjani. Mmoja apewe nafasi ya kuwa mtoto wa mkubwa mwenye mchubuko, na mwingine awe mgeni asiyejulikana anayepumua kwa shida, kisha darasa litazame ni nani atakayekimbiliwa kwanza. Shule zetu za bweni zenyewe zinajua misiba ya moto usiku, na siku hiyo ikifika wa kwanza kuwepo mahali pa maafa si daktari wala zimamoto, bali ni wanafunzi na walimu wao.

Nanyi wanafunzi, msimpende Otenyo kwa sababu ya kichwa kilichopotea peke yake. Dai la kichwa chake ni la haki, na aliyekichukua akirudishe. Lakini wako na wengine ambao hakuna atakayewadai, wale mamia waliojikokota mwaka ule hadi katika migomba ya babu zenu na hawakufikiwa na mtu. Hatuwezi kuwafunga majeraha yao sasa. Tunaloweza ni kuhakikisha kwamba siku msiba mwingine ukizuka, Kisii, Nyamira au kwingineko, majeruhi atakayelala pembeni, asiye na jina wala mtetezi, atahesabiwa pumzi zake kama wengine, na zikionyesha kwamba hali yake ni mbaya kuliko zote, yeye ndiye atakayetangulia.